Kabla ya Kuihukumu Turbo, Kagua Mipira

Ukiwa na Subaru Forester ya turbo hapa Nakuru, gari lako lina ugonjwa mmoja tu: turbo imeisha. Likikohoa asubuhi, ni turbo. Likimeza mafuta, ni turbo. Likitoa moshi pale Salgaa huku trela zimekupanga nyuma, ni turbo, na kabla hujazima injini umeshapewa namba ya mtu mwenye turbo ya mtumba "safi kabisa, imetoka Japani juzi." Msimamo wangu ni mwingine. Kwenye gari la umri huu, vitu vya kwanza kutiliwa shaka ni mipira na paipu zinazopitisha hewa, kuanzia boksi la filta hadi mlangoni mwa injini. Turbo, ile feni inayosukuma hewa ndani ya injini, ni chuma, na ikipata oili safi hudumu miaka. Mpira hauna subira hiyo.

Gari langu ni la 2004, injini ya EJ205 ya lita 2.0, intakula, yaani kipoza hewa inayotoka kwenye turbo, imelala juu ya injini, chini ya lile tundu la boneti ambalo watoto wa mtaani kwetu Kiamunyi hawachoki kutumbukiza mikono. Kenya hairuhusu gari la mtumba lililozidi miaka minane kuingia nchini, kwa hiyo Forester za mwaka huo zilishashuka bandarini Mombasa zamani, na zile zinazotembea leo zina mpira wa zaidi ya miaka ishirini. Miaka yote hiyo mpira umekaa pembeni ya chuma kinachochoma, umepakwa mvuke wa oili kwa ndani, umetikiswa na injini kila siku. Hakuna kiwanda cha kulaumiwa hapo. Ni uzee tu.

Dalili zangu zilikuwa za kuchanganya, na ndiyo maana nimeona niandike. Asubuhi, gari likiwa limesimama, injini ilikuwa ikipanda na kushuka yenyewe, mara inanguruma, mara inataka kuzima. Hiyo ni tabia ya injini inayopata petroli isiyotosha kwa hewa inayoingia. Lakini tukianza mlima wa Sachangwan na mguu uko kwenye mafuta, mambo yanageuka: mvumo wa "ssss" chini ya boneti, wingu jeusi kwenye kioo cha nyuma, na gari limebaki palepale likibishana na lori la saruji. Moshi mweusi ni petroli iliyozidi. Gari moja, asubuhi lina njaa, mchana limevimbiwa. Mke wangu ndiye aliyesema kwamba ile sauti inatoka mbele ya miguu yake, wala si nyuma kwenye ekzosi kama nilivyokuwa nikiwaambia mafundi.

Mtu wa Mombasa anaweza kuishi na ufa mdogo kwa muda. Sisi hatuwezi, kwa sababu ya mwinuko. Nakuru iko kwenye mita 1,850 hivi juu ya usawa wa bahari, na mgandamizo wa hewa hapa ni kama asilimia 80 ya ule wa pwani. Kisumu, kwenye mita 1,130 hivi, ni karibu asilimia 87. Tukienda kwetu Bungoma lazima tupande Mau Summit na kupita Timboroa, zaidi ya mita 2,700, ambako kinachobaki ni asilimia 70 na ushee. Injini ya kawaida, isiyo na turbo, hupoteza nguvu karibu kwa kadiri hiyohiyo. Ndiyo maana kuna gari linalokimbia vizuri Kisumu lakini huku juu linaomba gia ya pili.

Turbo na milima ni marafiki wa siku nyingi. Mswisi Alfred Büchi alipata hakimiliki ya wazo hilo mwaka 1905: moshi unaotoka kwenye injini usipotee bure, uzungushe feni, na feni hiyo izungushe nyingine inayosukuma hewa safi ndani. Mwaka 1918, Sanford Moss wa kampuni ya General Electric alipandisha injini ya ndege, ile ya Liberty, hadi kileleni Pikes Peak huko Colorado, Marekani, zaidi ya mita 4,300, ili kuonyesha kwamba turbo inaweza kurudisha nguvu zinazopotea juu ya mlima. Ikarudisha. Kwa hiyo mtu akiniambia kwamba turbo haifai kwa miinuko yetu, namwambia hiyo ndiyo kazi iliyoipatia jina.

Shida ni kwamba kompyuta ya gari ina kiwango cha mgandamizo inachokitafuta. Hewa ikiwa nyepesi, turbo huzungushwa kwa kasi zaidi ili ikifikie. Sasa toboa paipu moja. Turbo inazunguka kufidia mlima, halafu inazunguka tena kufidia tundu, na tunazungumzia feni ambayo hata siku njema hupita mizunguko 100,000 kwa dakika. Inapata joto, oili inaungua kwenye beringi zake, na baada ya muda lile neno la mtaani linakuwa kweli: turbo imeisha. Imeuawa na mpira.

Ili uelewe njaa ya asubuhi na kuvimbiwa kwa mchana, fikiria depo ya nafaka. Mlangoni kuna karani wa mizani. Kila gunia la mahindi linalopita analipima, anaandika, na jikoni wanapika mboga kulingana na daftari lake. Kwenye gari, karani huyo ni sensa ya hewa iliyo mara tu baada ya filta, yenye waya mwembamba unaopashwa moto na umeme. Kompyuta hupima umeme unaohitajika kuuweka waya ule kwenye joto lake hewa ikipita, na kwa njia hiyo hujua ni hewa kiasi gani imeingia. Mboga ni petroli. Paipu ikiwa na ufa kati ya sensa na turbo, mahindi yanaingia kwa mlango wa nyuma bila kupimwa, na mboga haitoshi. Ufa ukiwa baada ya turbo, mahindi yaliyopimwa yanamwagika njiani, na mboga inabaki imejaa sufuria. Injini moja inaweza kuwa na nyufa zote mbili. Na kuna tundu la tatu, la ujanja zaidi: likiwa baada ya throto, ule mlango wa hewa wa injini, kwenye manifoldi yenyewe inayogawa hewa kwa silinda, au vile vihosi vyembamba vinavyotoka hapo, linavuta hewa ndani gari likisimama na kuitema nje turbo ikianza kusukuma.

Gereji ya kwanza niliyokwenda, sitaitaja, ilichomeka mashine ya kusoma kompyuta ikapata msimbo P0171. Huo unasema tu kwamba petroli haitoshi kwa hewa inayoingia. Hausemi kwa nini. Fundi akafungua paipu ya kuingilia turbo, akapitisha kidole ndani, akakitoa kikiwa cheusi na chenye mafuta. "Mwalimu, ona mwenyewe. Turbo inatema oili. Hii imekufa." Akanitajia bei.

Hapa nisimame kidogo, kwa maana kidole hicho kimeuza turbo nyingi. Injini hizi zina hosi za kupumulia zinazorudisha mvuke wa oili kutoka ndani ya injini na kuumwaga kwenye paipu hiyohiyo, kabla ya turbo. Utando mwembamba wa oili mle ndani ni wa kawaida kabisa. Ukitaka kujua hali ya turbo, shika ncha ya mhimili wake injini ikiwa baridi na imezimwa. Ukicheza kidogo sana kwenda kando, usiogope, kwa sababu beringi zake huelea juu ya oili, na sasa oili haina presha. Kinachopaswa kukutisha ni mhimili unaoingia na kutoka, au mapanga ya feni yaliyokwaruza ukuta. Yangu yalikuwa mazima, isipokuwa kingo zake zilikuwa zimeanza kulika, zimekuwa butu. Nitarudi kwa hilo, maana chanzo chake ni vumbi.

Fundi aliyelipatia jibu ni kijana wa mtaa wa Shabab hapa Nakuru, mwenye mashine ya moshi ya kutafutia mivujo aliyoiunda mwenyewe: mkebe wa rangi wenye kifuniko kilichozibwa vizuri, hita plagi ya injini ya dizeli iliyochomekwa ubavuni, mafuta ya watoto kidogo chini, na hosi mbili, moja ya kuingiza hewa polepole na nyingine ya kutoa moshi. Aliziba mdomo wa paipu ya hewa kwa kifuniko cha bomba la plastiki. Kabla ya hapo alibana zile hosi za kupumulia kwa koleo. Nilimuuliza sababu. "Nisipozibana, mwalimu, presha inaingia ndani ya injini yote, halafu kesho unanirudia na sili ya krenki inavuja."

Tukangoja. Moshi wa kwanza ulitokea pale tulipopategemea, kwenye mpira wa kutoka intakula kwenda throto: klipu ilikuwa imekula mpira mpaka ukachanika kwa upana wa ukucha, na ule mchaniko ulijifunga wenyewe injini ikitulia, ukafunguka hewa ikisukumwa. Ndiyo "ssss" ya Sachangwan. Wa pili ulichelewa. Ukaja mwembamba, kutoka chini ya manifoldi, mahali ambapo macho hayafiki. Akachomeka kioo kidogo cha mkono na tochi ya simu. Paipu ya kuingilia turbo, ile inayopita chini ya manifoldi yote, ilikuwa imepasuka kwenye shingo ya kitundu kimoja kinachopokea hosi ya kupumulia. Alipoigusa kwa bisibisi kipande kikamegeka. Plastiki iliyokauka kiasi hicho haizibwi, ingawa wapo watakaokupa gundi, tepu na kipande cha tyubu ya baiskeli. Upande huo wa paipu unavuta, hausukumi. Gundi ikibanduka inakwenda moja kwa moja kwenye mapanga ya turbo.

Hapo ndipo linapokuja swali la pesa. Paipu hiyo haifikiki bila kuinua manifoldi. Wapo mafundi wanaoipenyeza kwa kuipaka sabuni na kuikunja, na nimeona matokeo: paipu mpya yenye ufa mpya. Manifoldi ikiinuliwa, gharama kubwa ni ya mikono, na haibadiliki ukiweka kitu kimoja au kumi. Kwa hiyo nilikataa kununua kilichopasuka peke yake. Tulibadilisha paipu ya kuingilia turbo, mpira wa throto na ule wa kati ya turbo na intakula, hosi ya vali ya kurudisha hewa, vihosi vyote vyembamba vya vakyumu, hosi za kupumulia, vali ya PCV, hosi fupi za maji zilizojificha chini kule, gasketi za manifoldi, na klipu zote. Vali ya PCV, ile inayopitisha mvuke wa oili kutoka ndani ya injini, ni kitu cha bei ndogo ambacho hakuna anayekikumbuka. Ikikwama wazi, turbo inasukuma hewa hadi ndani ya injini na oili inatafuta pa kutokea.

Kuhusu wapi pa kununua. Nakuru hapa utapata gasketi, klipu na hosi za mita bila kuhangaika. Paipu yenyewe nililazimika kuulizia Nairobi, kwa wauzaji wa Kirinyaga Road, ile tunayoiita Grogan, ikapandishwa matatu na mimi nikaipokea stendi. Muuzaji wa kwanza alikuwa na ya mtumba, imeng'arishwa kwa mafuta ya kung'arishia tairi. Ukiikunja kidogo inalia. Imetoka kwenye gari la mwaka uleule kama langu, sasa ninanunua nini? Chuma nunua cha mtumba ukipenda: intakula, manifoldi, hata turbo. Mpira wa mtumba ni kulipia uzee wa mtu mwingine.

Silikoni nayo ina wapenzi wake, hasa ile ya buluu na nyekundu inayopendeza boneti ikifunguliwa. Kwa upande wa baada ya turbo sina ugomvi nayo, inastahimili joto kuliko mpira wa kawaida. Kwa paipu ya kuingilia, ambako mvuke wa oili unapita kila dakika, silikoni tupu hufyonza oili, inatoa jasho kwa nje na kulegea. Iko ile yenye utando wa ndani wa kuzuia oili. Uliza hiyo, na kama muuzaji haelewi unachouliza basi hana. Mimi nilichukua paipu mpya ya muundo wa kiwandani, nyeusi, isiyo na urembo wowote. Kwenye silikoni pia tupa zile klipu zenye matundu ya kukazia, maana matundu yale hung'ata na kukata. Chukua zenye utepe laini kwa ndani, au zile pana za boliti na nati.

Kazi yenyewe ilianza kwa kutoa fyuzi ya pampu ya petroli na kuzungusha injini mpaka presha ikaisha, ili laini ya petroli isiturukie usoni. Intakula ikatoka, throto ikatoka, nyaya zikapigwa picha kwa simu kabla ya kuchomolewa. Manifoldi ilipoinuka, fundi aliacha kila kitu akaziba matundu manne ya silinda kwa vitambaa vyeupe, kimoja kimoja, akavihesabu kwa sauti. Nati moja ikidondoka mle, ununue injini. Vitambaa vilikuwa vyeupe makusudi, visifanane na chochote kingine mle ndani, na wakati wa kufunga alivihesabu tena kabla ya kuchukua gasketi. Nimewahi kuona gereji kubwa zisizo na adabu hiyo.

Paipu kuukuu ilipotoka tuliipindua juu ya gazeti. Ikamwaga unga wa rangi ya kijivu, laini kiasi kwamba ukiusugua kati ya vidole huusikii, mpaka uutie kwenye meno. Huo ni udongo wetu. Bonde lote hili limejaa majivu ya volkano, Menengai iko hapo juu tu, na kule Kariandusi karibu na Gilgil kuna machimbo ya diatomaiti, ambayo ni silika, madini yaleyale ya mchanga. Januari na Februari, barabara za ndani za Kiamunyi zinapopondwa na pikipiki, vumbi hilo linaning'inia hadi usiku. Filta yangu ilikuwa safi wakati wote, kwa kuwa vumbi halikuhitaji kupita kwenye filta. Lilikuwa na mlango wake, nyuma ya filta, sentimita chache kutoka kwenye mapanga ya turbo. Ndiyo maana kingo zilikuwa butu.

Nikiwa hapo kwenye filta: kuna kijana kila gereji atakayekushauri utupe boksi na uweke ile filta ya wazi yenye umbo la pia, gari livume. Litavuma, kweli. Pia litavuta hewa ya moto kutoka ndani ya boneti, na sensa iliyozoea kukaa kwenye boksi lake itaanza kusoma vingine. Zile zinazopakwa mafuta ni hatari zaidi mikononi mwa mtu mkarimu, kwa sababu mafuta yakizidi yanafuata hewa na kuganda kwenye waya wa sensa. Na kwa wale wanaosimama petroli stesheni wapuliziwe filta ya karatasi kwa kompresa, bure: presha ile inafungua vijitundu ambavyo huvioni, na vumbi la Nakuru linaviona.

Baada ya kufunga, tuliingiza moshi tena. Haukutoka popote. Fundi alisafisha sensa kwa dawa yake maalumu, ile ya kupulizia, akafuta msimbo na kuacha gari lingurume mpaka feni ya maji ikawaka. Mshale wa mizunguko ulikaa mahali pamoja. Safari iliyofuata ya Bungoma tulipanda Sachangwan bila mvumo na bila moshi, na Timboroa, ambako zamani gari lilikuwa linahema, lilipita lori kwenye mpando nikiwa bado nina mafuta ya kukanyaga. Turbo ni ileile. Imepoteza makali kidogo, na haitayarudisha, ila inatosha.

Tangu hapo wenye Forester hunisimamisha na kuniuliza kama kazi hii wanaweza kuifanya wenyewe. Nusu yake, ndiyo. Mpira wa throto, mipira ya intakula na hosi zozote unazoziona ukifungua boneti zinahitaji bisibisi, spana namba 10 na 12, na Jumamosi isiyo na mgeni. Zikague injini ikiwa baridi: zikunje, tafuta mistari midogo karibu na klipu, bonyeza uone kama mpira umekuwa mgumu au umelainika kwa oili. Ukifunga, usikaze klipu kwa hasira juu ya plastiki, na uzikaze tena baada ya safari ya kwanza, kwa kuwa mpira mpya hujibana ukipata joto. Kilicho chini ya manifoldi mwachie fundi mwenye vitambaa vyeupe.